Mkanda Usio na Sauti

Ilianza na harufu ya chaki iliyolowa. Jumatatu nilikuwa napita na kiroba cha unga wa maandazi kichwani, karibu na ule ukumbi mdogo ambao vijana wa mtaa wetu hapa Mikumi waliufungua kwenye ghala la zamani la mahindi. Wanaonyesha filamu mwisho wa wiki, kwa projekta na shuka jeupe ukutani. Manyunyu yalikuwa yamelowesha ubao wao wa nje na kijana mmoja alikuwa anaandika ratiba upya. Wiki hii. Zinakuja. Tukio maalumu. Nikasimama. Mwanangu Mwajuma, ambaye yuko darasa la tano na subira hana, akanivuta kitenge.

"Mama, twende, unga utalowa."

"Ngoja nisome."

"Nikusomee? 'Tukio maalumu. Jumapili, saa tisa alasiri. Filamu itatafsiriwa papo hapo na mtafsiri wa enzi za mabanda, Profesa, kutoka Ruaha.' Haya, twende."

Tulikwenda, lakini tangu siku hiyo situlii. Nimeunguza maandazi mara mbili. Naanza kufagia uwanja, naacha katikati, nakwenda kusimama barabarani kama mtu anayesubiri basi. Ndiyo maana nimechukua daftari. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo mengine nitayaandika vibaya, na mengine sina hakika kama nayakumbuka au nimeyajazia mwenyewe. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema.

Nyinyi wa rika langu mnayajua mabanda ya video. La kwetu lilikuwa Kilosa, nyuma ya stesheni, mali ya Mzee Kibwana. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, na mchana wa jua kali magunia yalimwagiwa maji ili watu wasiive. Nje, mlango mkuukuu uliopakwa unga mweusi wa betri ndio ulikuwa ubao. Mzee Kibwana hakuandika majina ya filamu. Majina ya kigeni yalimshinda, na hata angeyaandika yasingetusaidia. Aliandika kinachotokea. "Leo: Wa kofia analipiza kisasi. Kesho: Wachina wawili, mmoja kipofu. Inakuja: Nyoka mkubwa kuliko treni." Sisi watoto tulipenda zaidi hiyo ya "Inakuja". Ya leo tusingeruhusiwa kuingia, ila ile inayokuja hakuna mzazi aliyekuwa ameshaikataza.

Nguvu ya banda lile haikuwa runinga wala deki. Ilikuwa Profesa. Kazi yake hasa ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, na alikuja bandani na nyusi zake nyeupe kwa unga. Alikaa juu ya kreti ubavuni mwa runinga, akashika maiki, na kila mdomo uliofunguka kwenye kioo ulitoa Kiswahili. Mhindi akilia, Profesa alilia. Jambazi la Kizungu likishika bastola, Profesa alisema, "Weka silaha chini, mjomba! Nakujua tangu Rudewa ukiiba mihogo!" Banda zima lilikuwa hoi.

Watu wazima walijua anaweka chumvi. Mimi sikujua. Simlaumu mtu, maana nani anamweleza mtoto jambo ambalo kila mtu analijua? Nilikuwa na miaka kumi, na nilichojua ni kwamba duniani kuna watu wanaosema maneno tusiyoyaelewa, na hapa Kilosa kuna mtu mmoja anayaelewa yote.

Jumamosi mchana ilikuwa siku ya matukio maalumu: mikanda ya nyumbani. Mwenye mkanda wa harusi, wa komunio au wa maulidi alimpelekea Mzee Kibwana, naye akauandika ubaoni. Ndugu walikaa benchi la mbele bila kiingilio, majirani wakajaa nyuma. Mikanda mingi ilikuwa imechakaa sauti, kwa hiyo Profesa aliitafsiri nayo. Desturi ilikuwa wenye mkanda wampelekee soda mapema, ili awe na huruma na sura zao.

Sasa niseme kuhusu mama. Alikuwa mtu wa Vidunda, milimani, akaolewa na baba yangu, fundi baiskeli pale karibu na stesheni. Alifariki nikiwa sijatimiza miaka miwili. Kwetu ilikuwepo picha yake moja, ya kitambulisho, amekaza macho kama anayehojiwa. Sura nilikuwa nayo basi, lakini sauti sikuwa nayo. Nilimuuliza baba, "Mama alikuwa anaongeaje?" Akasema, "Kawaida." Siku nyingine akasema, "Taratibu." Kisha akachukua spana na kukaza kitu ambacho tayari kilikuwa kimekaza. Niwe wa haki: sikumbuki baba akinikaripia kwa kuuliza. Ila alikuwa haraka mno kupata kazi ya kufanya.

Siku moja Shangazi Tatu alikuja kutoka Kimamba, akiwa na kitu amekifunga kwenye khanga. Ulikuwa mkanda wa harusi yake, ambao shemeji yake alikuwa nao miaka yote.

"Mama yako yumo," aliniambia. "Yuko jikoni kwenye mapishi, wewe kakubeba mgongoni. Tena anaongea na mpiga picha kabisa!"

"Anasema nini?"

"Mkanda umeliwa sauti, mwanangu. Unaona mdomo tu."

Shangazi alisema hivyo kwa masikitiko. Mimi nilitaka kuruka. Sauti imeliwa, na iliwe! Profesa si yupo?

Mzee Kibwana aliandika: "Inakuja, Jumamosi: Harusi ya Kimamba." Wiki ile sikujua kukaa. Asubuhi nikienda shule nilizunguka kwa nyuma ya stesheni kuhakikisha ubao haujafutwa. Mchana nilirudi njia hiyo hiyo. Jioni nilijitolea kwenda kununua chumvi wakati chumvi ipo. Jumamosi ikafika, umeme ukakatika kwa mgao, na jenereta ikakohoa mpaka ikazima. Mzee Kibwana akafuta, akaandika tena: "Inakuja, Jumamosi ijayo." Jumamosi ijayo kukawa na mechi kubwa, na wanaume wakasema harusi haikimbii. Akafuta, akaandika. Ubao ukawa na ukungu mweupe pale pale kwenye neno Kimamba. Chakula kilikuwa hakipiti. Rafiki yangu Rehema aliniuliza, "Wewe una funza? Mbona hukai?"

Wiki ya tatu nilimfuata Profesa mashineni. Nilitumwa na debe la mahindi, hivyo sikutoroka. Mashine inanguruma, akina mama kwenye foleni, yeye mweupe kama mzimu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Weka debe hapo."

"Jumamosi mama yangu ataongea."

Alinitazama. Akasogea pembeni ili tusikilizane.

"Wewe binti wa fundi?"

"Ndiyo. Usichekeshe, tafadhali. Wengine wachekeshe, ila yeye hapana. Sema alichosema, basi."

"Kwani alisema nini?"

"Ndiyo nataka uniambie."

Kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni aliyeanza kucheka, akaacha. Profesa alifuta uso kwa mkono, ikawa ameuchafua zaidi. Alisema tu, "Haya. Nimesikia." Nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote. Angeweza kuniambia ukweli palepale. Kwa upande mwingine, foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa na debe na macho yale. Sijui ningefanya nini mahali pake.

Jumamosi umeme ulikuwepo. Baba alivaa koti lake la misiba na sherehe. Tukakaa benchi la mbele: Shangazi, baba, mimi katikati. Magunia yakamwagiwa maji, deki ikameza mkanda, na hapo hapo wakatokea watu wanacheza bila ngoma, wanapiga vigelegele bila sauti. Profesa akaanza. Bibi mmoja alipoonekana anachota pilau, alisema, "Nyama nyingine mmeificha chini ya wali, naiona!" Bwana harusi alipojifuta jasho, alisema, "Hizi suti ni za kuazima, tufanye haraka." Shangazi alicheka mpaka akamwegemea baba. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi.

Kisha moshi. Mafiga, sufuria kubwa, na mwanamke mwenye mwiko mrefu ameinama, mtoto mgongoni. Akageuka. Hakuwa na yale macho ya kitambulisho. Alikuwa mtu mwepesi, wa kucheka. Akatutazama, akasema kitu, akajificha uso kwa kiganja.

Na Profesa akasema. Hakutumia sauti yake ya kike ambayo watu waliizoea. Aliitoa chini, taratibu.

Hapa ndipo ninapojitilia shaka. Zilisemwa sentensi mbili siku ile. Moja ilikuwa: "Mpige picha mtoto, mimi nimejaa masizi." Nyingine: "Ondoka na mashine yako, pilau linaungua." Ipi ilitangulia, nimeipoteza. Ninachokumbuka ni kwamba ya kwanza ilipotoka, nilihisi kitu kimetua kifuani, kizima, kama mtu amenikabidhi yai. Baba alisimama, akatoka nje. Halafu akina mama nyuma wakapiga kelele: "Rudisha! Rudisha tumwone tena!"

Mzee Kibwana akarudisha nyuma. Mama akainuka kinyumenyume, moshi ukarudi sufuriani, kisha akageuka tena, akatutazama tena, mdomo ule ule. Na Profesa akasema maneno mengine.

Mdomo ule ule! Nilisimama juu ya benchi. "Muongo!" nilisema. "Huyu muongo! Hajui alichosema! Anatunga!"

Nilitegemea watu washtuke. Hawakushtuka. Mmoja alicheka, akafuatia mwingine, kisha wavulana wa nyuma wakaanza kuimba, "Muongo! Muongo! Profesa muongo!" Walikuwa wanafurahi tu. Nilimwangalia Profesa. Aliweka maiki juu ya kreti kwa upole, kama kitu cha kuvunjika, na harusi ya Shangazi ikaendelea kimya mpaka mwisho.

Kuanzia siku hiyo, kila alipofungua mdomo kulikuwa na mtu wa kusema "Muongo!" Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wa kila siku unachosha. Akakosa raha, akaanza kukosea, baada ya miezi michache akaacha. Tulisikia amekwenda Ruaha, kwenye miwa. Kwa haki, mikanda iliyotafsiriwa tayari ilikuwa imeanza kuja kutoka Dar, na pengine kazi yake ingekwisha tu. Najiambia hivyo. Ila najua ni nani aliyetoa neno la kwanza. Mkanda wenyewe Shangazi aliuacha bandani ili uonyeshwe tena, na kabla haujaonyeshwa tena mto Mkondoa ukafurika, maji yakaingia mpaka kwenye deki. Mama hakuonekana tena.

Baba na mimi hatukulizungumza jambo hilo hata mara moja. Miaka ikapita, nikaolewa, nikahamia huku Mikumi. Baba alipofariki, siku ya arobaini, mimi na Shangazi tulikuwa tunachambua mchele, akasema hivi hivi tu:

"Ulimwonea yule kijana wa mashine."

"Profesa?"

"Baba yako alimfuata wiki ile ya mkanda. Alikwenda kumweleza mama yako alisema nini. Si siku ya harusi alikuwepo, amesimama nyuma ya mpiga picha?"

Mchele ulinimwagika. "Alisema nini, Shangazi? Mama alisema nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa bibi harusi, nimefunikwa kichwa. Alimwambia yule kijana, hakuniambia mimi."

Kwa hiyo nilibaki hivi: moja ya zile sentensi ilikuwa ya mama kweli, nyingine ni ya kutunga, na mimi siwezi kuzitofautisha. Nilizibeba zote mbili kama mtu aliyepewa watoto mapacha akaambiwa mmoja tu ndiye wake. Na baba, ambaye angeniambia siku yoyote tukiwa tumekaa, alikwenda kumwambia mtu wa mashine ili yule aniambie mimi kwa maiki. Zamani hilo liliniudhi. Siku hizi nadhani ndivyo alivyoweza.

Sasa ubao umeandikwa Profesa anakuja Jumapili. Kesho kutwa. Leo nimepita pale mara tatu kuangalia kama haujafutwa.

*

Leo ni Jumapili, tumerudi. Mwajuma anapasha maharage, mimi naandika kabla sijaanza kujazia.

Tulifika mapema kabla ukumbi haujajaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na shuka, amevaa balaghashia. Nyusi nyeupe, na safari hii si unga. Nilinunua soda nikampelekea. Sikujua kingine cha kupeleka.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mama. Soda ya nini? Leo nina harusi ya mtu?"

"Mimi ni binti wa fundi baiskeli. Kilosa."

Alinitazama, akaweka soda chini.

"Wewe ndiye uliyeniita muongo."

"Ndiyo. Nilikukosea."

"Uliita kwa sauti nzuri. Nadhani hata Kimamba walisikia." Akacheka, lakini kidogo. "Mtoto uliyemshika ni wako? Usimfundishe kusimama juu ya benchi."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa nimeamua nisimtajie zile sentensi, nisimwekee maneno mdomoni. Nikamuuliza tu baba alimwambia nini.

"Alikuja mashineni siku ile ile uliyokuja wewe," alisema. "Akakaa juu ya gunia la mahindi mpaka foleni ikaisha. Nikamwambia, fundi, sema shida yako, nataka kufunga. Akasema, mke wangu alisema mambo mawili siku ile. Kwanza alimfukuza mpiga picha, pilau linaungua. Mpiga picha hakuondoka. Ndipo akasema, basi mpige picha mtoto, mimi nimejaa masizi."

Mwajuma alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

"Lakini mkanda," aliendelea, "ulionyesha mdomo unafunguka mara moja tu. Mpiga picha alikata. Baba yako hakujua ni lipi lililoingia. Mimi nisingejua. Nikasema moja. Waliporudisha, nikaona kama sio lenyewe nitakuwa nimekudhulumu. Nikasema la pili."

"Mbona hukusema? Siku ile ile, mbona hukunijibu?"

"Ningesemaje? Baba yako alikuwa nje analia. Nisimame nitangaze kwa maiki kwamba maneno kanipa yeye?"

Nataka niwe wa haki mpaka mwisho. Inawezekana mzee huyu amenitungia tena leo. Ni mtu wa kutunga, na alipomwona mama mtu mzima amemsimamia na soda mkononi, angeweza kupata huruma. Sina shahidi. Ila hakuna mtu aliyemtajia maneno yale, na ni yale yale, yote mawili, baada ya miaka yote hii. Mtu anakumbuka hivyo alichokitunga kwa sekunde moja? Mimi hata sikukumbuka ipi ilitangulia. Nikamuuliza. Akafikiri, akatikisa kichwa. Naye amesahau.

Ukumbi ukajaa, taa ikazimwa, tukakaa benchi la mbele. Ilikuwa filamu ya Kichina, mzee mmoja na wajukuu zake mtoni. Sauti ya Profesa imechakaa, inakwaruza, lakini watoto ambao hawajawahi kusikia kitu kama kile walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Mzee kwenye filamu alimkemea mjukuu, na Profesa akasema, "Toka majini, wewe si kiboko!" Vijana wakapiga makofi. "Rudisha! Rudisha hapo!" Wakarudisha. Mzee akafungua mdomo ule ule, na Profesa akasema, "Toka, ugali unapoa!"

Mwajuma aliinuka nusu. "Mama! Mbona amebadilisha? Mdomo si ule ule?"

Nilimshika mkono, nikamkalisha.